Meerlust Rubicon 2009: uzoefu wangu na mvinyo mwekundu uliokomaa

Mvinyo huu usiununue kwa kusoma lebo peke yake. Rubicon ya 2009 imeshapita miaka 15 tangu zabibu zake zivunwe, na kwa umri huo mahali chupa ilikolala pana uzito kuliko jina lililoandikwa juu yake. Chupa iliyotunzwa vizuri iko hivi.

Katikati ya glasi bado ni nyekundu nzito, ukingoni imeanza kuwa rangi ya tofali, na ndivyo inavyotakiwa. Harufu ya kwanza ni mbao za mwerezi na tumbaku kavu, kisha zambarau zilizoiva mno, zile zilizoanza kukunjamana. Ukiupa hewa kidogo hujitokeza ngozi na majani makavu ya chai. Mdomoni ukakasi umelainika lakini haujaisha, bado unashika fizi, na uchachu ndio unaoubeba wote. Wapenzi wa mvinyo mtamu, hapa hamtapata kitu. Ni mkavu kabisa.

Uchachu huo una asili yake. Shamba la Meerlust liko kusini mwa Stellenbosch, Afrika Kusini, kilomita kama 5 tu kutoka ghuba ya False Bay. Jina hilo maana yake ni raha ya bahari: upepo na ukungu wa baharini hupoza mizabibu, zabibu zikaiva polepole bila kupoteza ukali wake. Aliyeliita hivyo mwaka 1693 ni Henning Hüsing, mhamiaji wa Kijerumani. Ukoo wa Myburgh ulilinunua 1756 na hadi leo uko palepale. Watu husifu zile nyumba nyeupe za kale. Tukumbuke pia kwamba mashamba ya Cape, yaani eneo hilo la kusini-magharibi mwa Afrika Kusini, ya zama hizo yalilimwa na watumwa waliotolewa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia.

Rubicon yenyewe ni ya juzi. Nico Myburgh aliona hali ya shamba lake inafanana na ya Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa, akachanganya zabibu za Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc wakati wengi Cape walijivunia zabibu za aina moja. Toleo la kwanza ni la 1980, mtengenezaji akiwa Mtaliano Giorgio Dalla Cia. Mwaka ukiwa mbaya hawalazimishi: 1985, 1990, 2002 na 2011 hakuna Rubicon. Ukiuziwa "Rubicon 2002", usitoe hela.

Kabla ya kulipa, inua chupa kwenye mwanga. Mvinyo unatakiwa ufike shingoni. Ukiwa umeshuka hadi mabegani, hewa imeingia. Pitisha kidole juu ya kizibo: kikiwa kimejitokeza nje, au kuna michirizi inayonata, mvinyo ulipata joto ukatanuka. Muuzaji anayezisimamisha rafu ya juu chini ya taa, mpite. Zinatakiwa zilale, nyuzi 12 hadi 14, gizani. Kwa Dar au Mombasa bila mashine ya kupoza, usihifadhi kabisa, nunua, unywe.

Simamisha chupa saa 24 ndani ya friji ili mashapo yatulie chini, itoe saa moja kabla ya kufungua. Unataka nyuzi 16 hadi 18. Ule ushauri wa "joto la chumba" ni wa vyumba vya Ulaya. Kwa nyuzi 30 utanusa pombe tu.

Kizibo ndipo wengi wanapoharibu. Nusu ya chini imelowa miaka yote, imekuwa laini, kwa hiyo skrubu ya kawaida huivuta ikakatika. Tumia kizibuo cha meno mawili: jino refu litangulie kati ya kizibo na kioo, yumbisha taratibu mpaka yote mawili yazame, kisha zungusha huku unavuta. Vipande vikidondokea ndani, chujio la chai la chuma linatosha. Kitambaa hapana, mvinyo utanuka sabuni.

Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkupuo mmoja, tochi ya simu ikimulika shingo kutoka chini. Ukiona uzi mweusi kama moshi unakuja, acha. Utapoteza kama mililita 40. Usizionee huruma, ni chungu na zina mchanga. Dakika 30 za hewa zinatosha. Kuuacha kwa muda wa saa tatu kama mvinyo wa umri mdogo ni kuua harufu uliyoilipia.

Ukinusa boksi lililoloa, kizibo ndicho kilichouambukiza na hakuna dawa, hata ungesubiri hadi asubuhi. Rudisha dukani.

Chakula: mbuzi wa kuchoma, chumvi tu. Pilipili huamsha ukakasi na moto wa pombe, na kachumbari yenye ndimu nyingi huufanya mvinyo uonekane umepooza.

Alama zangu 4 kati ya 5; moja nimeikata kwa sababu ya bei. Unaobaki ujaze kwenye chupa ndogo mpaka mdomoni, funga, weka kwenye friji, umalize kesho yake. Kesho kutwa utakuwa unaelekea kwenye siki.