Chupa Moja ya Dawa ya Kaboni, na Jibu Alilopewa Mtoto wa Kaka Yangu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa tukio lenyewe lilitokea miezi kadhaa iliyopita, kabla ya mvua za vuli, na fedha iliyonitoka haikuwa ya kumfilisi mtu. Gereji ninayoizungumzia sitaitaja jina. Ipo Dar es Salaam, ina sakafu ya vigae, ina sofa, na chai huletwa bila kuombwa. Nilipeleka huko gari langu lenye injini ya D-4, yaani ile ya Toyota inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambayo mafundi wengi wa mjini wakiisikia tu hukunja uso na kukushauri ukaliuze. Gari lilikuwa limekosa sailensa, yaani ule mngurumo mtulivu wa injini gari likiwa limesimama: asubuhi lilitetemeka kama lina homa, kwenye foleni ya Mwenge lilitaka kuzima, na nilipolikanyagia mafuta lilisita kwanza, ndipo likaondoka. Walilipima kwa mashine, wakaniambia ni kaboni, na hilo, lazima niwatendee haki, lilikuwa kweli.

Lililoniudhi ni tiba. Huduma waliyoiita ya kuondoa kaboni ilikuwa hivi: kijana mwenye ovaroli jeupe lisilo na doa hata moja alimimina chupa moja ya dawa ndani ya tangi la petroli, akapangusa mdomo wa tangi kwa kitambaa, akaniandikia risiti ya shilingi 180,000. Kazi nzima haikuzidi dakika kumi, na chai yangu ilikuwa bado ya moto. Nikaambiwa niendeshe mpaka tangi likaribie kwisha, na kaboni yote itayeyuka na kutoka na moshi. Siku za mwanzo nilidhani gari limepona. Baada ya wiki tatu hivi, homa ikarudi ile ile.

Sikusomea umakanika, lakini nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi, na nikiambiwa kwamba kitu kimesafisha kitu kingine nina tabia ya kuuliza walikutana wapi. Katika injini za kawaida, nozeli hunyunyiza petroli nyuma ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo petroli huzisuuza kila mara, na dawa iliyochanganywa humo huzisuuza zaidi. Katika injini zinazopuliza petroli moja kwa moja, nozeli imeingizwa ndani ya silinda, na petroli haizigusi tena valvu hizo. Kinachopita hapo ni hewa, pamoja na mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini na kurudishwa ukachomwe badala ya kutupwa nje, pamoja na sehemu ya moshi wa ekzosi unaorejeshwa ndani. Mvuke huo ukikuta valvu ina moto huganda, masizi hushika juu yake, na safu hujengeka juu ya safu mpaka njia ya hewa husinyaa. Sasa dawa ya tangi itafikaje mahali ambapo petroli yenyewe haifiki?

Hilo ndilo swali nililorudi nalo. Nilifuatana na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19, ambaye alinisindikiza kwa sababu nilimwahidi chipsi na ambaye hadi leo akitumwa kufungua boneti huanza kutafuta upande wa abiria. Msimamizi wa gereji alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, kisha akamgeukia kijana yule na kumjibu yeye: "Mwambie mama awe na subira. Dawa hizi ni za kitaalamu, zinataka muda. Halafu akina mama huwa wanasikia milio ambayo gari halina." Mtoto wa kaka yangu akanitazama kwa hofu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mimi mwenye kadi ya gari, mimi niliyelipa, mimi niliyeuliza, nikawa nimegeuzwa mgonjwa asiyejiweza ambaye maelezo yake hupewa ndugu. Niliondoka bila kusema neno, na nimejilaumu kwa ukimya huo kila siku tangu hapo.

Ilinibidi niende mtaa wa Gerezani, hapo hapo Dar es Salaam, kwa fundi anayefanyia kazi chini ya bati, ambaye alipojua kazi yangu alinisalimia "Shikamoo Mwalimu" na akaendelea kuniita hivyo mpaka siku ya mwisho. Hakuniuzia chupa. Alisema kaboni ya valvu haitolewi bila kufungua, akafungua manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, kisha akaniita: "Mwalimu, njoo uone." Niliona valvu zilizovimba kwa weusi, ukoko mgumu unaong'aa kwa mafuta kama chini ya sufuria iliyopikia kuni mwaka mzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gari lilikuwa likisita, kwani hata mimi ningesita kama ningepumulia tundu lile.

Kazi yake nitaieleza kwa sababu ndiyo iliyonifundisha tofauti. Alizungusha injini kwa spana mpaka valvu za silinda anayotaka kuisafisha zikafunga kabisa, maana kipande cha kaboni kikiangukia ndani kinaweza kukwaruza ukuta wa silinda. Akamimina dawa ya kulowesha, akaacha ilale, akakwangua kwa kijiti cha mti na brashi, akafyonza uchafu wote, akarudia mpaka chuma kikaonekana, kisha akahamia silinda nyingine. Nilimuuliza kuhusu njia ya kupuliza maganda ya jozi (kokwa za walnut) yaliyosagwa kwa nguvu ya kompresa, ambayo hutumika sana Marekani na Ulaya kwa kuwa maganda hayo yanabandua kaboni bila kuumiza chuma. Aliijua, akasema mashine hana na hatanidanganya kwamba anayo.

Nisimfanye malaika. Aliahidi siku moja, akachukua tatu. Gasketi mpya nilizitafuta mwenyewe Kariakoo juani, na kibanio kimoja cha plastiki alikivunja akakifunga kwa waya, waya ambao hadi leo nikifungua boneti ndio wa kwanza kuuona. Lakini sailensa imetulia.

Kuhusu kuzuia kaboni isirudi, alinipa maelezo machache, na moja wapo lilinichoma. Alisema D-4 ya mijini huugua zaidi, kwa sababu tunaendesha safari fupi injini isipate joto lake, kisha tunakaa kwenye foleni na kiyoyozi kinavuma. Akashauri kwamba mara kwa mara nilitoe nje ya mji na kulishikilia kwenye gia ya chini ili injini izunguke kwa nguvu, jambo linalowezekana bila mbio, ambalo ni zuri kwa kuwa kuelekea Chalinze askari wenye tochi hawana habari na kaboni yangu. Alibadilisha valvu ndogo ya kurudishia mvuke wa oili, iliyokuwa imekwama. Alitaja pia kichupa cha kunasa mvuke huo kabla haujafika kwenye valvu, akakiri kwamba hupunguza tu, maana masizi ya ekzosi yana njia yake, na kwamba kisipomwagwa kwa wakati ni kazi bure, sijakifunga. Mwisho akauliza oili huwa nabadilisha kila baada ya kilomita ngapi. Nikasema 10,000. Akanyamaza kidogo, akasema kwa foleni hizi nisizidishe 5,000, na oili iwe ya daraja linalotajwa kwenye kitabu cha gari, si iliyopo dukani siku hiyo.

Zile 10,000 niliziamini kwa sababu zilikuwa zimeandikwa kwenye stika iliyobandikwa kiooni na gereji ile ile ya vigae. Hata hivyo stika hainyang'anyi mtu akili, na kitabu cha gari nilikuwa nacho muda wote. Sehemu ya ukoko ule ni yangu.

Siwezi kusema teknolojia yenyewe ni mbaya. Mitsubishi na Toyota waliiuza kwenye magari yao tangu 1996 kwa nia njema ya kubana mafuta, na kuanzia 2005 Toyota walileta D-4S, yenye nozeli za aina zote mbili, kwa hiyo valvu zikarudi kusuuzwa. Wala siwezi kusema dawa ya tangi ni maji matupu. Fundi wa Gerezani mwenyewe alisema husaidia nozeli, na pengine nafuu ile ya siku za mwanzo ilikuwa ya kweli. Nilipofika hapa nilikuwa nimeamua kuwapa gereji ya vigae nyota tatu, kwa usafi, kwa kupima sawasawa na kwa risiti.

Lakini niliwarudia mara ya mwisho, na picha za valvu zangu kwenye simu, kudai angalau nusu ya fedha. Msimamizi alizitazama muda mrefu, hakubisha, hakuomba radhi, akaingia stoo na kutoka na chupa ya pili ya dawa ile ile, ya bure. Akamkabidhi mtoto wa kaka yangu. Nyota moja, na hiyo ni ya chai.