Jimu ya saa za wanawake: baiskeli nzuri, maji ya kubahatisha

Tangu Disemba nakwenda jimu moja huku Kiembesamaki, saa 10 jioni, saa zetu wanawake. Jina silitaji, mwenyewe nishamwambia uso kwa uso na bado tunasalimiana.

Baiskeli wanazo nane na sina la kulalamika: hazitikisiki, viti vinapanda na kushuka, breki zinakamata. Mwalimu ni Mpemba mpole, hapigi makelele, anakupitia ubavuni tu, "dada, punguza kidogo."

Tabu ni maji. Saa zetu madirisha yanafungwa na mapazia yanashushwa, sawa, wenyewe ndio tuliotaka. Lakini feni ni mbili, na moja inaupepea ukuta. Kwenye baiskeli ya barabarani upepo wa mwendo unakukausha. Hapa unapiga pedeli na huendi popote, jasho linachuruzika tu mpaka chini ya kiti panakuwa na kidimbwi. Januari, joto la kaskazi limeshika, nilikuwa nashuka nimerowa kama wale watoto wanaojirusha baharini Forodhani.

Siku moja nikashuka na kizunguzungu, kichwa kikanigonga mpaka Isha. Shoga yangu nesi akaniambia nijipime. Mizani ipo mlangoni. Kabla ya kupanda, kilo 71.2. Baada ya dakika 45, nimeshajifuta na kubadili nguo, 70.4. Na humo ndani nilikunywa nusu lita! Kilo moja ni kama lita moja ya maji, kwa hiyo jasho lililonitoka ni kiasi cha lita 1.3. Na mie kwa kichupa changu cha nusu lita nilikuwa najiona mjanja.

Wana mashine ya maji ya baridi, lakini dumu likishamalizika Jumatano ndiyo basi mpaka Jumamosi. Friji lakini halikosi soda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Nilijaribu kimoja kabla ya kupanda, nikabaki nabeua dakika 45 nzima.

Sasa nabeba chupa ya lita moja kutoka nyumbani: maji, ndimu, sukari kidogo, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Nyimbo ikibadilika, mafunda mawili matatu. Sibugii. Mwenzetu mmoja alizimimina lita mbili kwa mkupuo akaishia kutapika, na nesi wangu anasema maji matupu yakizidi mno yanaipunguza nguvu chumvi ya damuni, nayo ni hatari vilevile.

Nje ya geti kuna muuza madafu, na huyo nampa nyota zote kuliko jimu yenyewe. Dafu lina potasiamu nyingi, ila chumvi ya kurudisha ile ya jasho ni kidogo, ndiyo maana nalishushia na mihogo ya kukaanga. (Mume wangu anasema mazoezi gani hayo. Mwache.)

Haki yao niwape: Ramadhani walituhamishia saa 4 usiku, baada ya tarawehe, tukapanda baiskeli tumeshafuturu na tumeshakunywa. Kipindi chote kile sikuumwa kichwa hata mara moja.

Nimelipa tena mwezi huu, elfu 50. Juzi nimekuta dumu limejaa pomoni. Vikombe ndiyo hakuna.