PS4 Slim ya mtumba kwa banda la gemu Kisumu: nunua, ila geuza mashine chini kwanza

Banda la gemu halinunui konsoli kwa uzuri wa picha. Linahitaji mashine itakayopigwa mechi tangu asubuhi hadi usiku, bila intaneti, na ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifungua na kuifunga tena. Kwa kipimo hicho PS4 Slim (PlayStation 4 nyembamba ya Sony) ya mtumba bado ndiyo chaguo letu kwa banda la Kondele, Manyatta au Nyalenda, mradi bei isipite KSh 30,000 pamoja na padi mbili. Ikipita hapo, bora uweke akiba ya PS5.

Ila jua unaipanda gari ikiwa karibu na stendi ya mwisho. PS2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000. Sony ilitangaza mwanzoni mwa 2013 kwamba imeacha kuitengeneza, na bado FIFA 14 ikatolewa kwa ajili yake mwaka huohuo, miaka saba baada ya PS3 kufika. PS3 nayo FIFA yake ya mwisho ilikuwa FIFA 19, miaka mitano baada ya PS4, na hiyo ilikuwa gemu ya zamani iliyovalishwa jezi mpya na kupewa vikosi vipya. PS5 ilitoka Novemba 2020, na EA Sports FC 26 ya 2025 (FIFA ileile kwa jina jipya) ina toleo la PS4. Hesabu unaiona mwenyewe: miaka mitano tayari imetimia. Wateja wa soka watavumilia vikosi vya mwaka juzi, ila wapenzi wa ngumi wameshaachwa: Mortal Kombat 1 ya 2023 na Tekken 8 ya 2024 hazina toleo la PS4. Wape Tekken 7 na Mortal Kombat 11. Anayeuliza GTA VI mwambie ukweli kwamba imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee.

Dukani, geuza mashine usome modeli. CUH-2000, 2100 na 2200 ni Slim. CUH-1000 na 1100 ni zile nene zenye vitufe vya kugusa, ambazo hupenda kutema diski zenyewe bila kuguswa. Kwa biashara ziache. Slim ina vitufe vya kubonyeza. Iwe imetoka Uingereza, Marekani au Japani, umeme si tatizo kwa kuwa pawasaplai yake hupokea volti 100 hadi 240, na diski za gemu hazifungwi kwa eneo.

Usikubali kuonyeshwa menyu tu. Ingiza diski, cheza nusu saa. Tikisa polepole waya wa HDMI pale unapoingia. Picha ikikatika, pini zimelegea au zimepinda, na kazi hiyo ni ya kuchomelea. Kisha fungua mipangilio uangalie toleo la programu ya mfumo. Likiwa chini ya 9.00, huenda ni mashine iliyochipiwa (iliyochezewa programu ili ikubali gemu za wizi), au haijasasishwa tangu kabla ya Septemba 2021. Matoleo hayo ya zamani yana kasoro: betri ndogo ya ndani ya CR2032 ikifa, saa hupotea na mashine inaweza kukataa gemu hadi iunganishwe na seva za Sony. Mwisho, iunganishe na hotspot ya simu na uingie kwa akaunti. Konsoli iliyofungiwa na Sony hujulikana hapo tu, na muuzaji hatakwambia.

Padi ndiyo itakayokula faida yako. Chini ya kila fimbo ya kuongozea mchezaji kuna vipimo viwili vyenye utando wa kaboni. Vikisuguliwa na maelfu ya mechi, utando hulika na mchezaji anaanza kutembea peke yake uwanjani. Hapo ugomvi huanza, maana aliyefungwa atadai padi ndiyo iliyomfunga. Kupuliza hewa au kudondosha spiriti husaidia siku chache tu. Dawa ni kubadilisha fimbo nzima: skrubu 4 za nyuma, kisha sehemu 14 za risasi (solda) kwa kila fimbo. Fundi akitumia joto kali ataunguza bodi, kwa hiyo aongeze risasi mpya kwanza ndipo aivute yote. Fimbo za sumaku hazina kaboni ya kulika na hudumu zaidi, lakini zisiporekebishwa katikati baada ya kufungwa, utarudi palepale. Padi ikikataa kuchaji, shuku bodi ndogo ya tundu la USB kabla ya betri. Mkanda wake una pini 12 au 14 kulingana na toleo la padi, na bodi hizo haziingiliani. Padi bandia? Chomeka earphone. Nyingi hukosa sauti hapo.

Joto ni adui wa pili. Vumbi la barabarani likichanganyika na unyevu wa ziwa, hugandamana kwenye mapezi ya alumini ya kupozea kama keki. Jioni wadudu wa ziwani wakifuata taa, feni huwavuta ndani. Usiiweke Slim sakafuni wala ndani ya sanduku la mbao lililofungwa. Kama ni lazima ifungiwe dhidi ya wezi, tumia wavu wa chuma na uache nafasi ya kiganja kila upande. Feni ikianza kuvuma kama jiko la presha, ifungue kwa bisibisi ya T8 yenye tundu katikati, ishikilie feni isizunguke unapopuliza, futa pesti kavu ya kupitisha joto kwenye prosesa na uweke mpya ya ukubwa wa punje ya dengu.

Umeme wenyewe si mzigo. Slim hula takriban wati 80 ikichezwa, TV ya inchi 32 kama 40. Kwa saa 12 ni yuniti 1.44, ukikadiria shilingi 30 kwa yuniti, ni kama shilingi 43. Ukitoza 20 kwa mechi, mechi tatu zimelipa tokeni. Hasara iko kwenye stima kupotea ghafla wakati diski ya ndani (hard disk) inaandika. UPS (betri ya dharura) ndogo ya 650VA inatosha kukupa muda wa kuizima vizuri. Konsoli ikishagoma, ikiwa imezimwa bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 7 hadi mlio wa pili, unganisha padi kwa waya, na kwenye menyu ya Safe Mode uchague namba 5, Rebuild Database. Haifuti gemu. Namba 6 na 7 hufuta kila kitu, na wapo mafundi wanaokimbilia 7 kwanza.

Diski ya ndani ikifa kabisa, nunua ya inchi 2.5, SATA, unene usiozidi milimita 9.5. Skrubu moja nyuma, nne kwenye trei. Mfumo utauweka kwa flash: folda PS4, ndani yake UPDATE, ndani yake faili PS4UPDATE.PUP. Chukua faili kamili ya kusakinisha upya, si ile ya kusasisha. Wengi hukwama hapo.

Tunaipendelea mashine hii kwa jambo moja zaidi: diski. Ya FC unaweza kuiazima banda jirani au kuiuza msimu ukiisha. PS5 Pro ya 2024 inauzwa bila kisoma diski, na kisoma cha kubandika cha PS5 Slim hudai intaneti siku ya kwanza ya kukifunga. PS5 Digital ya kwanza, ya 2020, haikubali kisoma kabisa. Hiyo hata ukiletewa kwa bei ya kutupwa, iache dukani.