Simuleta au ndege yenyewe kwa reting'i ya instrumenti?

Nyinyi wenye PPL (leseni ya rubani binafsi) hapa Mombasa mnaotaka kuongeza reting'i ya instrumenti, yaani kibali cha kuruka kwa kutazama vyombo tu bila kuona nje, kinachoumiza kichwa ni masaa, manake kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni masaa 40 ya kuruka kwa vyombo, na kati ya hayo 20 yaweza kufanywa ardhini kwa simuleta ya kawaida, au 30 ikiwa ni simuleta kamili ile kubwa.

Simuleta ni nafuu kwa mfuko, haili mafuta, na raha yake ni kusimamisha: umeharibu ILS (kutua kwa kufuata mawimbi ya redio) ya runwei 03 pale uwanja wa ndege wa Moi, instrakta anaizuia, mnaongea, anakurudisha maili 10 nyuma unarudia tena na tena, akitaka anakuzimia injini katikati ya wingu, jambo ambalo angani hakuna mwenye akili atakufanyia.

Lakini mwili hauogopi mle ndani, ndo tatizo. Kwenye ndege ukivaa ile kofia ya kukuziba usione nje, sikio linakudanganya, wahisi umenyooka kumbe umelalia kushoto, na hapo hapo redio inakuita, jasho la pwani hilo, mkono mmoja uko kwenye chati... chumbani chenye eisii hupati hayo. Masika ikiingia, Aprili na Mei, mawingu ya kweli utayapata (na instrakta mwenye reting'i kando yako, usijaribu peke yako wallahi).

Mimi ningemaliza holdi (kuzunguka angani ukisubiri zamu) na aprochi (kukaribia runwei ili utue) zote kwa simuleta kwanza, kisha pesa iliyobaki yote iende kwa ndege.