Kipima mnato cha kuzungusha: mashine nzuri, fundi wake hapana

Mashine hii hupima mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, na sisi tuliitaka kwa asali. Ilikuja Tabora ikiwa mbovu. Fundi wa muuzaji alipopigiwa simu kwamba inasoma chini, akajibu: "Kaka, asali zenu huko mnazichanganya maji."

Maji! Rifraktomita, kifaa cha kupima maji kwenye asali, ilionyesha asilimia 18, na kikomo cha asali ni 20. Tena asali haikuwa imeguswa bado. Kilichopimwa ni mafuta sanifu ya silikoni, yaani ya kuhakiki mashine, ambayo mnato wake unajulikana: 1,000 mPa.s (kizio cha mnato) kwenye nyuzi 25. Kwa spindeli (kijiti kinachozunguka ndani ya kimiminika) namba 2, mizunguko 12 kwa dakika, kipimo cha juu ni 2,500. Kosa linaloruhusiwa, asilimia 5 ya kipimo hicho cha juu, ni 125 tu. Ikasoma 820. Silikoni nayo ina maji ya Tabora?

Ugonjwa wenyewe hauhitaji digrii. Toa spindeli, sawazisha mashine kwa kile kipovu cha pimamaji, uache mota imezimwa. Sokota ekseli, ile inayoshika spindeli, kwa vidole mpaka skrini isome asilimia 15, uachie. Irudi sifuri kwa wepesi bila kukwama. Hii ilikwama kwenye 3. Maana yake sindano ya ndani imebutuka au kijiwe inachokalia kimepasuka, msuguano unakula kipimo na namba inatoka ndogo. Huharibika kwa kutikiswa njiani, au mtu akifunga spindeli bila kuinua ekseli kwanza. Na kumbukeni inafungwa kinyume: kukaza ni kuelekea kushoto. Ukilazimisha kulia, umeiua wewe.

Nilitaka kuandika msinunue kabisa. Lakini sindano ilipobadilishwa, mafuta yale yale yakasoma 985, na tangu hapo haijayumba. Kwa hiyo tatizo ni... sijui niseme huduma, au dharau.

Hata hivyo msiiamini ikijichagulia yenyewe. Kwa asali hupenda kupendekeza spindeli 4, mizunguko 6. Hapo kipimo cha juu ni 100,000, kosa lake 5,000. Asali ya mnato 10,000 inaweza kusomeka 5,000 au 15,000, na yote mashine itasema iko sawa! Wekeni spindeli 3, mizunguko ile ile: kikomo 20,000, kosa 1,000. Mkibadilisha spindeli badilisheni na namba kwenye skrini. Ukitundika 3 ukaacha 4 kwenye skrini, jibu linazidi mara tano.

Asali ipashwe mpaka nyuzi 40 chembe ziyeyuke na mapovu yapande, kisha ikae kwenye beseni la maji ya nyuzi 25 mpaka katikati ya bika nako kufike 25. Bila hivyo, kwa sababu ya joto, asali ya asubuhi na ya saa nane mchana hazitoi namba moja hata kidogo. Spindeli iingizwe kwa mshazari, isibebe povu chini ya kisahani.

Mashine naipa nne kwa tano. Yule fundi kwanza aombe radhi kwa wafuga nyuki.