Uzoefu wangu: dada kaenda na kiu, daktari kamwita mlinzi

Hospitali siitaji jina. Iko hapa hapa Tanga mjini.

Dada yangu mkubwa anatumia olanzapini, dawa ya maradhi ya akili, kwa miaka mingi sasa. Maradhi yametulia, anasuka vitambaa vya makochi pale Ngamiani na watu wanamwekea oda. Hivi karibuni akashikwa na kiu isiyokatika. Jagi zima la maji linaisha kabla ya adhana ya alfajiri, msalani haishi kwenda, na mwili umepukutika mpaka magauni yanamvuka mabegani. Nikampeleka.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka daktari alipofungua kadi yake ya kliniki. Akasoma, akavuta simu yake kutoka upande wetu wa meza, akamwita mlinzi aje asimame mlangoni. Mlinzi wa nini? Mtu amekaa na mtandio wake, mikono mapajani, ametoa salamu kwa adabu zote.

Dada akasema, "Dokta, nina kiu, usiku silali kwa kwenda msalani." Hata hakumtazama. Akaniuliza mimi: "Dawa anakunywa? Huwa anapiga watu?" Nikamwambia muulize mwenyewe, masikio anayo, na huyu ni mkubwa wangu. Akajibu, "Hawa wakianza habari za maji, ujue ugonjwa unarudi. Mpeleke kitengo cha akili wamwongeze dozi."

Basi. Hakumpima presha, hakumgusa hata mkono. Dada akanyanyuka, akasema ahsante dokta. Ahsante ya nini, jamani! Mpaka leo nikiikumbuka ile ahsante nafsi inaniuma.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba olanzapini inajulikana kwa kunenepesha na kupandisha sukari. Anayeitumia anatakiwa kupimwa sukari mara kwa mara hata akiwa hana shida. Kwa hiyo jina lile lile la dawa lililomfanya daktari aache kusikiliza ndilo lililopaswa kumfanya aombe kipimo papo hapo. Kiu, mkojo, kukonda: hata bibi yangu asiyejua kusoma angesema sukari hiyo.

Jioni tukachukua bajaji mpaka kituo cha afya kidogo cha mtaani. Tabibu pale, kijana mdogo tu, akamwambia, "Shikamoo dada, hebu nieleze mwenyewe." Akamtoboa kidole. Mashine ya sukari ikasoma 24, yaani imepanda mno. Tukarudishwa usiku ule ule hospitali ile ile, safari hii na barua, akalazwa na kutundikiwa dripu. Angeongezwa dozi nyumbani ningekuwa naandika habari za msiba.

Nilitaka kusema msikanyage pale. Lakini haki itendeke: wauguzi wa wodini walimhudumia kama mama yao, na kitengo chenyewe cha afya ya akili hakijawahi kumvunjia heshima. Kwa hao ningewapa alama zote.

Hapana, nazirudisha. Maana hospitali ni moja na mlango wa kuingilia ni ule ule. Kama daktari wa kwanza anaona kichaa badala ya mgonjwa, huo wema wa ndani utaufikiaje? Shirika la Afya Duniani linasema wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi ni kwa maradhi ya mwili yanayozuilika. Mimi nimekiona kinachowaua, kimevaa koti jeupe. Na mkoa wetu si mgeni wa maradhi haya, hospitali ya akili ya Lutindi iko Usambara tangu enzi za Mjerumani.

Sasa dada hataki kubeba kadi. Anasema akienda kutibiwa jino au homa ataificha, apokewe kama mtu. Namwelewa, na naogopa, kwa sababu asiyejua dawa zake anaweza kumwandikia nyingine zisizopatana nazo.

Barua ya malalamiko nimeipeleka kwa mganga mfawidhi. Wakikaa kimya naipeleka Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu mmoja wa pale hospitali kanipigia simu kuniomba radhi mimi. Nimemwambia namba ya dada ipo kwenye faili, ampigie yeye.