Hugin kwa picha pana za pwani: bahari yangu haipindi tena

Picha tatu za katikati hazikuwa na kitu isipokuwa maji chini, mbingu juu, na mstari unaovitenga. Kushoto kulikuwa na miamba, kulia rasi yenye miti, na mimi nilitaka ghuba nzima iingie katika picha moja ya kutundika ukutani. Programu za kuunganisha picha nilizotumia mwanzo, zile za kubonyeza mara moja na kusubiri, ziligoma hapohapo. Moja ilizitupa zile picha tatu, nyingine ilizibandika hadi bahari ikapinda kama bakuli. Ndipo nikahamia Hugin. Nimekuwa nayo miaka minne sasa, na karibu picha zote pana ninazojivunia zimepitia humo.

Ni programu ya bure ya chanzo huria, ipo kwa Windows, macOS na Linux, na imejengwa juu ya Panorama Tools, zana alizoanzisha Helmut Dersch mwaka 1998. Wanaopiga majengo na milima watakuwa na sababu zao za kuipenda. Yangu ni bahari, na kwa bahari sijapata inayoifikia.

Programu ya kuunganisha picha huanza kwa kutafuta alama zinazofanana kati ya picha mbili jirani: ncha ya jiwe, ufa, tawi. Mimi naziita pointi za kuoanisha. Juu ya maji alama hizo ni za uongo, kwa kuwa wimbi lililokuwa hapa sekunde mbili zilizopita sasa liko kwingine, na wingu nalo limesogea. Kwa mawingu Hugin ina Celeste, kifaa cha kufuta pointi zilizotua angani. Za kwenye mawimbi nazifuta mwenyewe, moja baada ya nyingine, na siachi hata moja. Kazi hiyo inachosha, lakini pointi tano mbovu zinatosha kuvuta ghuba nzima upande.

Sasa zile picha tupu. Kichwa cha tripodi yangu kina vituo kila nyuzi 20. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili iliyosimamishwa wima huona upana wa nyuzi 27 hivi, kwa hiyo kila picha hulalia jirani yake kwa robo. Basi pembe ya kila picha naijua kabla sijawasha kompyuta, na Hugin inaniruhusu kuiandika kwa mkono: 60, 80, 100. Kisha ndani ya kila picha naweka pointi mbili juu ya upeo wa bahari, moja mwanzo wa fremu na moja mwisho, na kuzitaja kuwa za mstari wa mlalo. Naiachia programu irekebishe mwinamo peke yake, pembe ya mzunguko isiiguse. Upeo unakaa kama kamba iliyovutwa. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilisogea nyuma ya kiti nikaitazama tu kwa muda.

Jambo la pili ni maski, yaani kuiambia programu sehemu gani ya picha ibaki na ipi itolewe. Katika ghuba ileile, picha ya pili na ya tatu ziligawana wimbi moja likivunjika mwambani: katika moja limeinuka, katika nyingine limekwisha kuwa povu. Enblend, programu inayofanya kazi ya mwisho ya kuchanganya, ilipitisha mshono katikati ya wimbi, likatoka nusu. Nikalizungushia mstari katika picha ya tatu na kuamuru libaki lote. Mshono ukahama, ukapita kwenye mchanga uliolowa, ambako jicho haliukamati. Tangu siku hiyo kila kituo nakipiga mara nne kabla sijageuza kamera, ili nyumbani niwe na mawimbi ya kuchagua.

Hakuna programu, hata hii, inayookoa picha zilizopigwa ovyo. Mwangaza uwe wa kuweka kwa mkono, fokasi ifungwe, uwiano wa weupe usibadilike kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji kibaki mfukoni, kwa sababu hutia giza zaidi eneo la anga lililo nyuzi 90 kutoka jua, na katika picha pana giza hilo huonekana kama doa kubwa. Kama kuna jiwe mita moja mbele yako, kamera izunguke kwenye mboni ya lenzi, sehemu ambapo mwanga unaonekana kuingilia. Ikizunguka penginepo, jiwe litahama mbele ya bahari iliyo nyuma yake na mshono hautafungika. Na utazame maji. Katikati ya kupwa au kujaa ndipo yanapokwenda kasi, hasa siku za bamvua, na mstari wa ufuko katika picha ya kwanza hautaoana na wa picha ya tisa. Mimi hungoja yasimame.

Picha hizo tisa zilinipa nyuzi 187, faili la pikseli kama 27,000 kwa 5,600 baada ya kukata kingo. Kwa pikseli 300 kwa inchi ni mita mbili na robo za karatasi, na ukisogea karibu unahesabu chaza kwenye mwamba. Faili la picha la aina ya TIFF la biti 16 la ukubwa huo linakaribia megabaiti 900 lisipobanwa, kwa hiyo kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itahangaika.

Uso wa programu umejaa tabo na majina ya hesabu. Kuna hali rahisi ya kuanzia, lakini kwa bahari nenda moja kwa moja kwenye hali ya wataalamu, maana vitu nilivyovieleza vinahitaji mkono wako. Kitu kingine cha kuzoea: makadirio ya silinda, yaani namna ya kukunjua picha ya mzunguko iwe bapa, hunyoosha upeo lakini hupinda kama upinde ufuko ulionyooka unaopita miguuni pako. Simama mahali ambapo ufuko wenyewe umekunja.

Ninachosubiri sasa ni bamvua ijayo, maji yakipwa kabisa, nisimame juu ya fungu la mchanga na lenzi ya milimita 85 nizunguke duara zima: vituo 36, kila nyuzi 10, pikseli kama 89,000 kwa upana. JPEG haipokei zaidi ya 65,535 upande mmoja, kwa hiyo itabaki TIFF. Pande zote itakuwa bahari tu, na pembe zote 36 nimeshaziandika.